Mguu Ukivunjika: Kwanini Maumivu na Kupona Haviendi Pamoja

Kama unaishi Dar, Nairobi au Kampala lazima umeshaiona hii. Bodaboda imegongwa, dereva karushwa huko, halafu anainuka mwenyewe, anaanza kuivuta pikipiki yake pembeni, anafoka na aliyemgonga, anauliza simu yake iko wapi, na muda wote huo mguu umepinda na watu wanamwambia kaka kaa chini umevunjika. Yeye hasikii kitu. Dakika 10 baadaye ndo jasho linamtoka, anakaa mwenyewe, anaanza kulia kama mtoto.

Sasa fikiria hapo, mfupa umevunjika sekunde ileile ya kugongwa lakini maumivu yamekuja baadae. Kwa hiyo kuvunjika ni jambo moja na kusikia maumivu ni jambo lingine, vinahusiana ndio ila haviendi pamoja hatua kwa hatua. Nimeamua kuliandika hili kwa urefu maana naona watu wanaumia mara mbili, wanaumia kwenye ajali, halafu wanaumia tena kwa sababu wanayatumia maumivu kama kipimo cha kupona: yakiisha wanajua wamepona, yakibaki wanajua mguu umeharibika. Na mara nyingi yote mawili yanakuwa sio kweli.

Tuanzie kwenye mishipa ya fahamu. Ngozini, kwenye misuli, kwenye viungo na kwenye ule utando mwembamba unaofunika mfupa kuna ncha za mishipa ya fahamu ambazo kazi yake ni kushtukia hatari, yaani joto kali, mgandamizo mkubwa, au kemikali zinazomwagika pale chembe za mwili zinapopasuka. Zikishtuka zinatuma taarifa kwenye uti wa mgongo, na kuna njia mbili za kuituma. Moja ya haraka, inaenda kama mita 5 mpaka 30 kwa sekunde, nyingine ya polepole sana, karibu mita 1 tu kwa sekunde. Ndo maana ukijigonga kidole cha mguu kwenye kitanda usiku unasikia kwanza mchomo mkali wa ghafla, halafu kama sekunde moja hivi baadae linakuja lile wimbi zito la kuuma kwa ndani ambalo linakufanya uruke ruke kwa mguu mmoja. Jeraha ni moja, taarifa zimefika kwa nyakati mbili. Na kabla hata ubongo haujajua lolote mguu umeshautoa, maana uti wa mgongo wenyewe unaamuru misuli ivute bila kusubiri ruhusa ya juu.

Halafu unafanya nini? Unashika kidole unakisugua. Watu wote duniani wanafanya hivyo, hata mtoto mdogo ambaye hajafundishwa. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall wakatoa nadharia yao ya lango, kwamba pale kwenye uti wa mgongo kuna sehemu inayopunguza au kuongeza taarifa za maumivu kabla hazijapanda juu, na taarifa za kuguswa zikija nyingi zile za maumivu zinabanwa. Mambo mengine ndani ya ile nadharia yalikuja kurekebishwa lakini wazo lake kubwa limebaki, kwamba taarifa haipandi kama ilivyo, njiani inapunguzwa au inakuzwa.

Na anayepunguza zaidi ni ubongo. Turudi kwa yule wa bodaboda: ubongo wake umeona kuna magari yanapita, kuna pikipiki ya tajiri ambayo atadaiwa, kuna ugomvi, ukaona kuuma kwa mguu kusubiri kwanza, ukashusha amri na kemikali za kuzuia. Mwili unazitengeneza wenyewe, zinafanya kazi palepale inapofanyia kazi mofini, ile dawa kali ya maumivu, na za kwanza kutambuliwa zilitangazwa mwaka 1975 na John Hughes na Hans Kosterlitz kule Aberdeen, Scotland. Kabla ya hapo, mwaka 1944, daktari wa jeshi la Marekani anaitwa Henry Beecher alikuwa Anzio, Italia, anahudumia askari waliojeruhiwa vibaya, akashangaa kwamba kama robo tatu yao hawakuhitaji dawa ya kuondoa maumivu. Watu wenye mifupa iliyovunjika na matumbo yaliyotobolewa. Beecher alielewa kwamba kwa askari yule jeraha lilimaanisha vita imekwisha, anarudi nyumbani yuko hai, na maana hiyo peke yake ilibadilisha kiasi anachoumia.

Kinyume chake pia kipo. Mwaka 1995 jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha habari ya fundi ujenzi wa miaka 29 aliyeruka chini akatua kwenye msumari wa sentimita 15, ukapenya kiatu ukatokea juu. Alikuwa anaumia kiasi kwamba kuugusa tu msumari ilikuwa shida, ikabidi apewe dawa kali ndo wauchomoe. Walipovua kiatu wakakuta msumari umepita katikati ya vidole, mguu hauna hata mkwaruzo. Na yule jamaa hakuwa anaigiza hata kidogo. Macho yake yaliona msumari umetoboa kiatu, ubongo ukakusanya ushahidi wote uliokuwepo ukahitimisha kwamba mguu umetobolewa, na maumivu yakaja kweli.

Hapa naomba nieleweke vizuri maana kuna watu, hadi baadhi ya wahudumu wa afya, wakishasikia maumivu yanatengenezwa na ubongo wanamwambia mgonjwa "hayo ni ya kichwani kwako tu". Hapana jamani. Maumivu yote yanatengenezwa na ubongo, ya mfupa uliovunjika, ya kujifungua, ya jino, yote, na yote ni ya kweli. Hata nafuu inayotokana na imani ina kemia yake. Mwaka 1978 watafiti wa Marekani waliwapa watu waliotoka kung'olewa meno dawa feki, baadhi wakapata nafuu, halafu walipopewa dawa inayozuia zile kemikali za mwili zinazofanana na mofini, maumivu yakarudi. Maana yake walikuwa wamepata dawa ya kweli, ila imetoka ndani ya miili yao.

Sasa mtu anaweza kusema bora basi tusingekuwa na maumivu kabisa. Kuna familia chache duniani wanazaliwa hivyo. Mwaka 2006 watafiti walichapisha habari za familia kutoka kaskazini mwa Pakistani ambazo watoto wake hawakuwahi kusikia maumivu tangu wazaliwe kwa sababu ya hitilafu kwenye jeni moja, na kilichowafanya waanze kuchunguza ni mtoto mmoja aliyekuwa anafanya maonyesho barabarani, anajichoma visu mkononi na kutembea kwenye makaa ya moto. Alikufa kabla ya kufikisha miaka 14 baada ya kuruka kutoka juu ya paa. Wenzake walikuwa wameng'ata ndimi zao hadi vipande vimetoka, wamevunjika mifupa bila kujua. Huku kwetu tunaona kitu kinachokaribiana na hicho kwa wagonjwa wa ukoma, na siku hizi zaidi kwa wagonjwa wa kisukari ambao mishipa ya fahamu ya miguuni imekufa ganzi. Mzee anatembea na kijiwe ndani ya kiatu siku nzima, jioni anakuta soksi ina damu. Kama nyumbani kwenu kuna mwenye kisukari mkague nyayo kila jioni, mpaka katikati ya vidole, msisubiri aseme anaumia kwa sababu hatasema.

Haya, tuje kwenye kupona, na tuchukue mfupa wa muundi maana ndo unaovunjika sana kwenye hizi ajali za pikipiki. Mfupa una damu ndani, sio kijiti kikavu. Ukivunjika mishipa ya damu inakatika, damu inajaa pale kwenye ufa na inaganda. Hilo bonge la damu ndo mwanzo wa kila kitu. Ndani ya masaa chembe nyeupe za damu zinaanza kumiminika, za kwanza zinaua wadudu kama wapo, nyingine zinafuata siku ya 2 na ya 3 zinakula mabaki ya chembe zilizokufa na kutoa kemikali za kuita chembe zinazojenga. Mishipa ya damu inatanuka, maji yanavuja, mguu unavimba, unapata joto, kwa mtu mweupe unakuwa mwekundu, na unauma hata ukiguswa na shuka. Huko kuuma kwa kuguswa kidogo kunaletwa na kemikali kadhaa zikiwemo prostaglandini, ambazo zinazifanya zile ncha za mishipa ya fahamu zishtuke kirahisi zaidi. Dawa kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zinafanya kazi kwa kuzuia mwili kutengeneza prostaglandini, jambo ambalo John Vane alilionyesha mwaka 1971 na likampatia tuzo ya Nobel mwaka 1982. Shida ni kwamba prostaglandini hizohizo zinalinda tumbo na kusaidia damu ifike kwenye figo, kwa hiyo ile tabia ya kuchomwa sindano ya diklofenaki duka la dawa kila siku wiki nzima ni njia ya kutafuta vidonda vya tumbo na kuharibu figo.

Kwa hiyo uvimbe wa siku za mwanzo ni sehemu ya kupona. Gabe Mirkin, daktari wa michezo wa Marekani ambaye mwaka 1978 alieneza kanuni ya kupumzika, barafu, kubana na kuinua mguu, mwaka 2014 mwenyewe aliandika kwamba barafu na kupumzika kupita kiasi vinaweza kuchelewesha kupona. Barafu inapunguza maumivu sawa, weka kidogo kidogo, usiigandishe sehemu masaa na masaa. Kinachonisumbua zaidi ni upande wa pili, yaani mtu kateguka au kavunjika asubuhi, jioni bibi kashachemsha maji ya moto na kitambaa, anamkanda kwa nguvu zote hadi anapiga kelele, na inaaminika akilia ndo damu mbaya inatawanyika. Joto na kukandamizwa siku ya kwanza vinaongeza kuvuja kwa damu na uvimbe, na kama kuna ufa unaweza kuhama. Bibi anafanya kwa upendo, najua, ila mwambie kwa heshima asubiri, kukanda kuna wakati wake huko mbele.

Dawa kubwa ya maumivu ya mfupa siku ya kwanza ni kuutuliza. Ule utando unaofunika mfupa una ncha nyingi sana za mishipa ya fahamu, na kila ncha ya mfupa inapocheza unachanika na kuvutwa. Ukishafungwa vizuri, hata kwa mbao mbili na kanga pale barabarani, maumivu yanashuka sana. Ndo maana kumbeba majeruhi juu juu na kumpakiza kwenye bajaji mguu unaning'inia ni mateso ambayo yangeepukika kwa dakika 3 za kufunga.

Ila kufunga kuna hatari yake na hii naomba uisome mara mbili. Misuli ya muundi imefungiwa ndani ya vifuko visivyotanuka. Ikivimba sana humo ndani, au POP, ile plasta ngumu ya hospitali, ikabana, au mganga wa kuunga mifupa akafunga mianzi kwa kukaza kupita kiasi, presha inapanda hadi damu inashindwa kupita. Misuli inaanza kufa ndani ya kama masaa 6. Hapa ndo mahali ambapo maumivu yanasema ukweli mtupu: yanazidi badala ya kupungua, hayasikii dawa, yanakuwa makali mno ukinyooshewa vidole vya mguu, halafu vidole vinaanza kufa ganzi. Ukiona hivyo hata kama ni saa 8 usiku mrudishe hospitali, wasije wakamwambia avumilie mpaka asubuhi. Wapo watu wamekatwa miguu sio kwa sababu ya mfupa, mfupa ungeunga, ni kwa sababu ya kufungwa na kuvumilia.

Tuendelee. Kuanzia wiki ya 2 mpaka ya 3 lile bonge la damu limeshageuzwa kuwa nyama ngumu ngumu na gegedu, kitu laini kama cha sikioni, inayoshika ncha mbili za mfupa. Sasa hivi ncha hazichezi tena, na kwa kuwa hazichezi, maumivu yanashuka kabisa. Hapa ndo watu wanapotea! Mtu anajisikia mzima, anaanza kukanyagia, wengine wanachukua kisu cha jikoni wanaikata POP wenyewe. Eksirei ukipiga siku hiyo unaona ufa uko palepale, maana gegedu haionekani kwenye eksirei, na chokaa ya mfupa, yaani kalsiamu, bado haijaingia ya kutosha. Ukiubebesha uzito wa mwili sasa hivi unapinda au unaachia, na mfupa ulioachia wiki ya 3 ni kazi kuuanzisha tena. Chokaa inaendelea kuingia wiki baada ya wiki, na muundi wa mtu mzima unahitaji kama miezi 3 mpaka 4 kushika sawasawa, wakati mwingine zaidi. Mtoto mdogo anaweza kumaliza kwa wiki 6 mpaka 8. Mvutaji sigara anachelewa kwa sababu nikotini inabana mishipa ya damu, na mwenye kisukari kisichodhibitiwa naye anachelewa.

Baada ya hapo kuna kazi ya mwisho ambayo inachukua miaka: chembe za aina moja zinamung'unya mfupa uliozidi, za aina nyingine zinajenga pale penye mzigo. Julius Wolff, daktari Mjerumani, aliieleza mwaka 1892, kwamba mfupa unajijenga kufuatana na uzito unaoubeba. Wanaanga wakikaa angani wanapoteza kama asilimia 1 mpaka 1.5 ya mfupa wa nyonga kila mwezi kwa kukosa uzito tu. Kwa hiyo daktari akishasema anza kukanyagia, kanyagia, maana bila mzigo mfupa haukazi. Mfupa una sifa moja nzuri sana, unaweza kurudi bila kovu. Ngozi haiwezi, kovu la ngozi likikomaa linafikia kama asilimia 80 ya nguvu ya mwanzo basi. Kano na gegedu ndo zinachelewa kupita zote maana damu yake ni kidogo, na ndo sababu kifundo kilichoteguka vibaya kinaweza kusumbua muda mrefu kuliko ufa mdogo wa mfupa.

Kuhusu supu ya kongoro, kunywa kama unaipenda, ila usidhani inatoka kwenye bakuli inaenda kuziba ufa. Inasagwa tumboni kama chakula kingine chochote. Mwili unahitaji protini ya kutosha, na dagaa, maharage, mayai na maziwa vinaitoa vizuri tu, dagaa wanakupa na chokaa yao juu.

Mdogo wangu alipofunguliwa POP aliniangalia akaniuliza kwa sauti ya chini, "kaka, huu ni mguu wangu kweli?" Umekonda kama wa mtu mwingine, ngozi inabanduka magamba, nywele zimekolea, na kilichomtisha zaidi ni kwamba muundi ulikuwa hauumi, kinachouma ni kifundo ambacho hakikuwahi kuvunjika. Hiyo ni kawaida. Kiungo kikikaa miezi bila kukunjwa kinakaza, misuli inanyong'onyea, na kila ukikikunja kinalia. Watu wengi wanayachukulia maumivu haya kama ya wiki ya kwanza, wanaogopa, wanauweka mguu juu ya stuli miezi mingine 2, na mguu unazidi kukaza.

Kuna na wale ambao mfupa umeunga, eksirei safi, miezi 6 imepita na bado panauma. Mishipa ya fahamu ikituma taarifa za hatari muda mrefu, uti wa mgongo wenyewe unakuwa mwepesi kushtuka, Clifford Woolf alilionyesha hilo kwenye utafiti wake wa mwaka 1983. Ni kama alamu ya gari iliyosetiwa vibaya, paka akiruka juu ya boneti inalia kana kwamba kuna mwizi. Kukosa usingizi, hofu, msongo wa madeni yaliyokuja na ajali, vyote vinaizidisha. Na kupiga picha zaidi mara nyingi hakusaidii, maana hata watu wasioumwa kabisa picha zao zina kasoro. Ukikusanya watu wa miaka 50 ambao migongo yao haiumi hata kidogo, kama asilimia 80 kati yao picha zitaonyesha pingili zimeanza kuchakaa.

Kinachofanya kazi ni kuufundisha mwili upya taratibu, na hapo fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, anastahili heshima kubwa kuliko anayopewa. Wengi wanamwona kama mtu wa kunyoosha nyoosha tu, wanaenda mara moja hawarudi. Kanuni ambayo mafizio wengi wanaitumia unaweza kwenda nayo hata nyumbani: ukishapewa ruhusa ya kutembea, tembea mpaka maumivu yafike kiasi unachoweza kuvumilia huku unaongea kawaida, halafu angalia kesho yake asubuhi. Kama yamerudi yalipokuwa, ongeza kidogo. Kama yamebaki juu na uvimbe umeongezeka, punguza, ila usisimame kabisa. Ila ukiona maumivu mapya makali sehemu ileile ya ufa, homa, usaha, au shavu la mguu mmoja limevimba na linauma, acha mazoezi nenda hospitali siku hiyohiyo, maana damu inaweza kuganda kwenye mshipa mkubwa, na ikichomoka inakimbilia mapafuni.